Siku Mbili za Kumpima Cheche

Siku ya kwanza ya kumpima Cheche, nyumba nzima iliamka kama inangoja wageni wakubwa. Sakafu ilipigwa deki, nguo zilizoning'inia kwenye kamba ya ndani zikaondolewa, ingawa hakuna mtu wa hospitali aliyesema atafika nyumbani. Mama alimwogesha mtoto, akamsugua magoti, akamvalisha gauni la kutokea, akamfunga vifungo kimoja kimoja kwa mkono wake, kwa sababu Cheche akiachiwa nguo hufika kifungo cha pili akakumbuka jambo la maana zaidi uani. Viatu alivalishwa akiwa amekalishwa juu ya meza, asipate njia ya kukimbia.

Bibi yake, mama mzaa baba, alikaa mlangoni kwenye kigoda. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumkaririsha mjukuu.

"Wakikuuliza unavaa mwenyewe, utasemaje?"

"Navaa mwenyewe."

"Wakikuuliza una marafiki?"

"Ninao. Kuku wa jirani."

"Usiseme kuku. Sema watoto."

"Watoto wa kuku. Bibi, mbona pua yako ina nywele?"

Bibi akamgeukia mkwe wake. "Umemsikia? Huyu akifumbua mdomo mbele ya daktari tumekwisha. Wataandika kichaa, na hilo likishaandikwa halifutiki. Mtoto wa kike huyu. Kesho keshokutwa nani atakuja kumchumbia?"

"Mama, si kichaa wanachopima."

"Wanapima nini basi?"

Mama Cheche hakujua aeleze vipi. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia tu kwamba mtoto huyu wa miaka tisa hamalizi zoezi hata moja, hakai kitini, anajibu maswali waliyoulizwa wenzake, na madaftari yake hayafiki nyumbani. Huenda ana lile tatizo la kutotulia na kukosa umakini, ambalo madaktari hulitaja kwa herufi nne. Katika shule ya pili, ng'ambo ya hospitali, kulikuwa na darasa dogo lenye watoto wachache na walimu wawili, ambako mwalimu hukaa na mtoto bega kwa bega. Mwenye karatasi ya hospitali hupokelewa huko. Asiye na karatasi, na bado anavuruga wenzake, ataondolewa shuleni muhula ukifungwa. Na muhula ulikuwa unafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Baba Cheche alikuwa akinywa chai yake wima, ndoo ya vifaa miguuni. Ni fundi mwashi. "Mnahangaika bure," alisema. "Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nikachapwa, nikapona."

Alipona wapi, jamani. Mwaka huo peke yake alikuwa amesahau pimamaji, kifaa cha kunyooshea ukuta, kwenye majengo ya watu mara nyingi hata wenzake wakaacha kumwazima. Alitoka mlangoni, akarudi kuchukua kofia, akatoka tena, akarudi kuchukua ndoo.

Cheche aliona yote hayo akacheka mpaka akajikwaa. Jina la Cheche alipewa na mtaa. Jina lake lenyewe lilitumika shuleni, na huko lilitajwa kwa kelele.

*

Mpimaji alikuwa dada kijana mwenye miwani, na chumba chake kilikuwa kidogo, meza moja, viti vitatu na kabati lisilofunga sawasawa. Barua ya mwalimu alikuwa nayo tayari.

"Huu si mtihani, mama," alisema. "Nataka kujua siku ya mtoto inavyokwenda, tangu anapoamka mpaka anapolala. Kila jambo nitakalotaja utaniambia: halimpi shida, linampa shida kidogo, sana, au kupita kiasi. Sawa?"

"Sawa, daktari."

Wangapi wamewahi kukaa kwenye kiti kile wakaamini kwamba si mtihani? Mtu mnyonge akiulizwa na mtu wa mezani kama kuna shida, husema hakuna. Ndivyo alivyofundishwa na maisha. Mama Cheche alipokwenda kuomba chumba, mwenye nyumba aliuliza kama ana watoto wasumbufu, akasema hakuna shida. Alipokwenda kuomba kazi ya kupiga pasi mashuka kwenye nyumba ya wageni, msimamizi alitaka kujua kama ana mtoto wa kumtoa kazini ovyo, akasema hakuna shida. Chumba alipata na kazi alipata. Mdomo wake ulikuwa umezoea njia hiyo kama punda aliyezoea njia ya kisimani.

"Kuamka na kujitayarisha asubuhi. Anavaa mwenyewe, bila msaada?"

"Anavaa. Hakuna shida."

"Kula. Anakaa mpaka amalize?"

"Anamaliza."

"Vitu vyake, kalamu, sweta, viatu?"

"Anavitunza."

"Kuvuka barabara?"

"Anajua."

Tusimwite mwongo kabisa. Cheche alifika shuleni na viatu viwili kila siku, hiyo ni kweli. Alimaliza kula kila jioni, ni kweli, mama akiwa amemweka katikati ya miguu yake akimtia tonge mdomoni mtoto wa miaka tisa. Barabara alivuka salama, kwa sababu kuna mkono uliomshika kifundo tangu anatoka mlangoni, na mkono huo siku nyingi haukwenda kazini mpaka umemkabidhi kwa mlinzi wa lango. Mama alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka hata akasahau kwamba ni kazi. Hata wakati huo, chini ya meza, alikuwa ameyabana magoti ya mtoto kwa mguu wake.

"Na marafiki?" Mpimaji alimgeukia mtoto mwenyewe. "Unacheza na nani, mrembo?"

"Watoto," alisema Cheche. Kisha akamtazama mama yake kuona kama amepatia.

Mpimaji aliandika, akajumlisha, akavua miwani. "Mwalimu anasema anahangaika sana darasani. Lakini kwa utaratibu wetu, shida lazima ionekane shuleni na nyumbani pia, na iwe inamharibia mtoto maisha ya kila siku. Kwa uliyoniambia, nyumbani sioni shida."

"Huoni?"

"Sioni. Mtoto wako anajiweza vizuri."

Miaka mingapi hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo? Mama Cheche alihisi uso unacheka wenyewe. Ndipo akakumbuka kuuliza, "Kwa hiyo darasa dogo?"

"Darasa dogo ni la wenye shida, mama. Wako hana."

Hapo ndipo pa kusema. Hapo, kabla muhuri haujagonga karatasi. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, mzazi mwingine ameingiza kichwa, na maneno ya bibi yalikuwa bado yanamwasha masikioni. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Asante, daktari," akasema.

*

Mwalimu mkuu aliisoma barua akiwa amesimama. Hakumkaribisha mama kiti.

"Basi tumepata jibu," alisema. "Mtoto hana tatizo. Nyumbani anatulia, anakula vizuri, anatunza vitu vyake. Akifika kwangu ndipo hataki."

"Si kwamba hataki, mwalimu."

"Sasa mama, unabishana na daktari? Hii ni adabu, na adabu hufundishwa nyumbani." Aliikunja barua akamrudishia. "Namvumilia mpaka Ijumaa. Akileta la kuleta kabla ya hapo, muhula ujao usije naye."

Wasichana wawili wa darasa la juu walikuwa wamekaa pale pale ofisini wakipanga chaki kwenye makasha. Walisikia kila neno na walitazamana. Mama Cheche alitoka kinyumenyume akishukuru, hata hajui anashukuru nini.

Jumanne simu ikapigwa nyumba ya wageni. Mama Cheche alikuwa na mwenzake wamelishika shuka la kitanda kikubwa, huyu pembe hii na yule pembe ile, wakilinyoosha kabla halijakauka kabisa, maana shuka likikauka kabla ya pasi halinyooki tena. Msimamizi alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Ni shule. Tena," alisema. "Si uliniambia hakuna shida?"

Kilichotokea kilikuwa kifupi. Mnoa visu alipita nje ya uzio akizungusha jiwe lake, cheche zinaruka. Cheche aliziona kupitia dirishani. Alitoka darasani, akapita uwanjani, akampita mlinzi, akaingia barabarani. Lori lilifunga breki hata matairi yakatoa moshi, na dereva alishuka akakaa chini ukingoni mwa barabara. Cheche hakuguswa. Walipomkuta alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe la visu, akimuuliza mnoa visu kama moto ule unauma.

"Nimemaliza," mwalimu mkuu alisema. Hakukasirika hata, na hilo ndilo lililomtisha mama zaidi. "Sitaki kuzika mtoto wa mtu."

Jioni baba aliposikia, alivua mkanda.

Alikuwa hajawahi kumpiga hivyo. Kofi la hapa na pale, ndiyo, lakini daima alikuwa na shaka kidogo, mkono unakwenda huku moyo unarudi. Sasa shaka ilikuwa imeondolewa kwa karatasi yenye muhuri. "Daktari kasema huna kitu," alisema kila alipoushusha mkanda. "Huna kitu. Ni jeuri tu. Jeuri."

"Nilisahau, baba!" Cheche alipiga kelele. "Nilisahau kama niko shule!"

"Unasahauje uko shule?"

"Baba Cheche, mwache," mama alisema kutoka mlangoni.

Baba akageuka, anahema. Macho yake yenyewe yalikuwa mekundu. "Kwani ana ugonjwa? Sema basi. Wewe ndiye uliyekaa na daktari. Ana ugonjwa au hana?"

Bibi alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda chake, anamtazama mkwe wake. Mama Cheche alikutana na macho yake. Alichokuwa nacho kusema kilikuwa kifupi: nilidanganya. Hakukisema. Mkanda ukashuka tena mara kadhaa, na yeye alisimama na kuhesabu kila pigo kuwa ni lake.

*

Kesho yake hakwenda kazini. Aliaga kama anakwenda, akamshika Cheche mkono, akakata kona ya hospitali. Nyumbani hakumwambia mtu.

Walikaa kwenye benchi la korido asubuhi nzima, yaani mama alikaa. Cheche alipanda benchi, akashuka, akasoma kwa sauti mabango yote ya ukutani, akamuuliza mzee mmoja kwa nini mguu wake umevimba na kama utapasuka. Watu waligeuza shingo. Mama mmoja aliyekuwa na kitoto kilicholala mgongoni alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba siku hizi watu wanazaa tu. Mpimaji alipotoka kwenda kunywa chai, Mama Cheche alisimama njiani mwake.

"Daktari, nilikudanganya."

Mpimaji alimtazama, kisha akamtazama mtoto, ambaye shingoni alikuwa na alama ya mkanda iliyochomoza juu ya ukosi.

"Kuhusu nini?"

"Yote. Nilisema anaweza. Ninayeweza ni mimi."

Dada wa watu hakunywa chai siku hiyo. Alirudi, akafungua mlango, akatoa karatasi mpya. Hakufoka. Alisema tu, "Wengi hufanya hivyo, mama. Mnakuja hapa kama mnakuja kuomba kazi." Kisha akaongeza, "Nina nafasi, kuna mtu hakutokea. Lakini leo mtoto akae nje. Ukiyajibu haya kwa ukweli, si maneno ya kusikiwa na yeye."

Mhudumu wa korido aliitwa, hakuwepo. Alikuwa amekwenda kusukuma kitanda cha mgonjwa. Mwisho wa korido mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango ni lango la magari, na nje ya lango ni barabara kuu.

"Hawezi kukaa kwenye benchi peke yake? Kidogo tu?"

Mama Cheche aliliona lile lori ambalo hakuwepo kuliona. "Hawezi."

"Basi tupange siku nyingine. Uje na mtu wa kumshika. Baba yake, au bibi."

"Hao hawaji, daktari. Lini?"

Mpimaji alipekua daftari lake la miadi mbele, mbele, mbele tena. "Baada ya shule kufunguliwa."

"Darasa dogo wanafunga majina Ijumaa."

Mpimaji akalifunga daftari. Cheche peke yake ndiye aliyekuwa na shughuli, amepata gundi ya utepe mezani na anaivuta ifike mpaka kwenye kabati.

"Niulize hivyo hivyo," mama alisema.

"Una hakika?"

"Niulize."

Mpimaji alivaa miwani. Alianza kwa sauti ya chini, na mama alijibu kwa sauti ya chini zaidi, kama wanaouguza mtu.

"Kuamka na kuvaa."

"Hawezi. Namvalisha mimi. Kila kitu."

"Jana nilivaa mwenyewe!" Cheche alidakia kutoka kabatini.

"Jana alivaa gauni nyuma mbele, na kiatu kimoja. Cha pili tulikikuta kwenye ndoo." Mama hakugeuka. "Andika kupita kiasi."

"Kula."

"Namlisha. Nikimwacha anaondoka na tonge mkononi, analisahau kitandani."

"Mara moja tu ile, mama!"

"Kupita kiasi," mama alisema.

Vitu vyake, kupita kiasi. Kuoga, sana. Kulala, sana, kwa kuwa hulala baada ya wote na huamka kabla ya wote. Kuvuka barabara, kupita kiasi. Kila neno lilitoka gumu, kisha ajabu ikatokea: yakaanza kutoka mepesi. Mwanamke aliyekuwa amefunga mdomo miaka mingi alijikuta anasema bila kuulizwa, anasema mfululizo, anafuta jasho na kusema tena, na alikuwa anasikia nafuu, Mungu amsamehe, nafuu kama ya mtu anayevua viatu vinavyombana. Ndiyo maana hakuona mtoto alipoiacha ile gundi.

"Wenzake. Humwalika kucheza?"

"Hapana."

"Hata mara chache?"

"Wakimwona wanafunga mlango wa uani. Kuna mama mmoja aliniita pembeni akaniomba nimzuie asiende kwake tena."

"Nani?" Cheche aliuliza.

Mpimaji aliinua macho. Mama aliendelea kutazama meza.

"Mama nani? Mama wa yule mwenye baiskeli?" Cheche aliuliza tena. "Si alisema wanasafiri?"

"Tunaweza kuacha hapa," mpimaji alisema polepole.

"Yamebaki mangapi?"

"Sehemu moja. Hali yake inavyoiathiri familia."

"Maliza."

"Baba yake?"

"Anampiga."

"Wengine nyumbani?"

"Bibi yake anamwonea haya. Wageni wakija humpeleka chumbani."

"Na wewe, mama?"

Mikono yake, iliyokauka kwa mvuke wa pasi, ilikuwa imelala mezani kama vitu vya mtu mwingine. "Nimechoka naye," alisema.

"Samahani, lazima nikuulize. Kidogo, sana..."

"Kupita kiasi. Siku nyingine nikitoka kazini nazunguka njia ya mbali, ili nifike amekwisha lala. Na yeye halali. Ananingoja dirishani."

Chumba kilinyamaza. Ni kimya kile kilichomfanya ageuke. Cheche alikuwa amekaa kwenye kiti cha tatu, miguu haifiki chini na haichezi. Hakuna aliyemkalisha. Gundi ilikuwa bado imeshika vidole vyake na hakuwa anaitoa.

Mpimaji alijumlisha haraka. Aliandika barua nyingine, akaipiga muhuri, akaipuliza wino ukauke. "Amepata, mama," alisema. "Hawana sababu ya kumkataa. Peleka leo hii."

"Amepata?"

"Ndiyo." Alitaka kumwambia mtoto neno, hata akainama kidogo juu ya meza, lakini neno lenyewe hakuliona. "Kwaheri, mrembo," akasema.

"Kwaheri," Cheche alijibu. Bibi yake angefurahi kumsikia.

*

Waliipeleka barua shule ya pili, na kweli walipokelewa. Mwalimu wa darasa dogo alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Aliandika jina la Cheche kwenye orodha, jina lake lile la shuleni, akalisoma polepole kana kwamba ni zuri. Aliwaonyesha chumba: meza chache, pazia la kupunguza mwanga, kona yenye mkeka kwa mtoto akizidiwa. Mama Cheche alitamani kulia kwa furaha. Alimtazama mwanawe aone kama naye ameona. Cheche alikuwa anatazama mlango.

Njiani alimshika kifundo cha mkono kama kawaida, na kama kawaida alijiandaa kuvutwa. Hakuvutwa. Walipita duka la redio zinazopiga kelele zote kwa pamoja, wakampita mbwa aliyelala, wakapita maji yaliyotuama ambayo siku yoyote nyingine Cheche angeyarukia. Mama alianza kumsemesha juu ya mkeka, juu ya pazia, juu ya yule mwalimu.

"Mama," Cheche alisema.

"Eeh, mwanangu."

"Siku ile ulimwambia dada wa hospitali navaa mwenyewe, nakula vizuri. Leo umemwambia mengine. Ulimdanganya siku ile au leo?"

Mama Cheche alipunguza mwendo. Jibu lilikuwa pale pale kwenye ulimi, tamu, tayari: leo, mwanangu, leo ndiyo nimedanganya, ili wakupe darasa zuri. Nani angemlaumu? Uongo mwingi aliokwisha kusema ulikuwa mkubwa kuliko huo na haukumsaidia mtu.

Lakini alimjua mtoto wake. Neno likiingia kwa Cheche halina pa kukaa. Ndiye aliyemwambia bibi mbele ya wageni kwamba mama anasema chai yake ni kama maji ya kuoshea vyombo. Ndiye aliyemwambia mwenye nyumba kwamba baba anamwita fisi. Hakukusudia ubaya hata mara moja, ulimi wake tu ulikuwa unafika kabla yake. Jumatatu ya kwanza ya muhula angesimama juu ya kiti mbele ya yule mwalimu wa sauti ya taratibu na kutangaza kwamba mama alidanganya hospitali, yeye hana shida yoyote. Wangemuuliza nani kasema. Angewaambia. Na nafasi ingekwenda, na mkanda ungerudi.

"Siku ile," mama alisema.

"Siku ile ndiyo ulidanganya?"

"Ndiyo."

"Leo kweli?"

"Leo kweli."

Cheche alitembea hatua kadhaa. "Yote?"

"Cheche..."

"Na ile ya kuzunguka njia ya mbali?"

Kulikuwa na mengi ya kuongeza. Kwamba mtu anaweza kuchoka na bado akafa kwa ajili yako. Kwamba hizo siku za kuzunguka ni chache, na kila mara alirudi mbio ile nusu ya mwisho. Aliyatafuta maneno hayo yote na hakupata lililo fupi vya kutosha kwa mtoto ambaye husikia mwanzo wa sentensi tu.

"Hata hiyo," alisema.

Cheche akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa hesabu. Walipofika barabarani alisimama mwenyewe, akatazama kulia, akatazama kushoto, akangoja gari mpaka lipite. Mama yake alimngojea aseme jambo jingine, lolote, hata la mguu uliovimba. Hakusema.

Bibi aliwapokea mlangoni akiwa tayari na maswali yake, wametoka wapi, kazini hakukwenda, mtoto kapelekwa wapi tena. Mama Cheche alianza kueleza. Aliitoa barua, akasema amekwenda kusema ukweli, akasema mtoto ana nafasi darasa dogo, na baba yake akirudi ataisoma mwenyewe na mkanda ule hautavuliwa tena katika nyumba hii. Aliyasema bila kutetemeka, mwanamke ambaye hakuwahi kumjibu mama mkwe. Lakini bibi alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anamtazama mjukuu wake, aliyevua viatu, akavipanga pamoja ukutani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na mikono juu ya mapaja.

Bibi alinyanyuka, akamgusa mtoto paji la uso, akaliona halina homa. Akacheka kwa raha, mara ya kwanza siku nyingi.

"Haya, njoo uone mwenyewe," alimwambia mkwe wake. "Huyo ndiye mliyekwenda kumwandikisha ugonjwa? Mtazame alivyotulia."